Mfanyakazi aliyeumia kazini haombi sadaka, anadai haki yake



Katika miji yetu mtu anaondoka asubuhi na nguvu zake zote, na magaribi wenzake wanamrudisha mgongoni. Ameanguka kwenye siantie. Ao mashine ya fakitire imekula vidole vyake. Ao lori limemkandamiza pale alikuwa anapakua simenti. Tunasikia habari, tunasema pole, tunachanga franka kidogo katika kikundi cha WhatsApp, kiisha kila mtu anarudi kwa shida zake. Bibi yake na watoto wake njo wanabaki na ile ajali kila siku: kwa chakula, kwa nyumba ya kupanga, kwa masomo.

Kuchangia mgonjwa ni ubinadamu, na tusiache. Lakini mchango wa majirani siyo njo ulipaswa kulisha familia ya mtu aliyeumia kazini. Kuna sheria. Kuna sanduku. Kuna pesa ambayo bosi anapaswa kuweka ndani kila mwezi juu ya ajali za namna hii. Kinachokosekana mara nyingi ni jina la mfanyakazi katika lile sanduku. Na pale jina halimo, haki inazikwa mbele ya mtu.

Hii ni habari yetu pia

Wengine wanatuuliza: "Nyinyi hamuna hata kazi, ajali ya kazi inawahusu nini?" Inatuhusu sana. Tulisoma sheria, uchumi, ualimu, kilimo. Wazazi waliuza mbuzi, waliuza hata kipande cha shamba, ili tufike mwisho. Leo diploma iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kitanda. Tukingoja ile kazi ya biro, tunabeba briki, tunachanganya betoni, tunapakua malori, tunaendesha moto ya mtu. Asubuhi unasimama kwa mlango wa siantie na wengine makumi, kapita anaonyesha kidole: wewe, wewe na wewe. Hakuna anayeuliza jina lako lote. Hakuna kontra, hakuna kaski, hakuna viatu vya kazi. Magaribi unapewa franka zako mkononi, na kesho inaanza upya.

Mmoja wa wenzetu, mwenye diploma ya chuo kikuu, alianguka kutoka etaji ya 2 ya jengo lililokuwa linajengwa. Mgongo ulivunjika. Siku ya kwanza kapita alilipa plasta na dawa za maumivu. Siku ya tatu simu yake haikuita tena. Kiisha wiki mbili alikuja mtu mwingine na dola 200 na karatasi moja ya kusaini. Karatasi ilisema kwamba mgonjwa amepokea "msaada wa roho nzuri" na kwamba hataomba kitu kingine kwa mtu yeyote. Hospitali ilikuwa imekataa kumwachilia mbele ya kulipa deni. Mkubwa wake akasaini. Ungefanya nini? Leo yule mwenzetu amelala kwa mama yake, bibi yake anauza makala kando ya barabara, na mtoto wao wa kwanza ameacha masomo.

Mtu anaweza kusema huyo bosi alikuwa na roho mbaya. Sisi tunasema kitu kingine: hata angekuwa na roho nzuri, maisha ya familia nzima hayapaswi kutegemea roho ya mtu mmoja. Sheria ilitungwa juu ya hiyo.

Sheria ya inchi yetu inasema nini

Tuanze na Katiba ya 2006. Kipengele cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba Serikali inapaswa kuhakikisha mfanyakazi na familia yake wanaishi maisha yenye kustahili utu, pamoja na njia zingine za ulinzi wa jamii. Sikilizeni vizuri: mfanyakazi *na familia yake*. Siyo yeye peke yake.

Kisha kuna sanduku lenyewe. Wazazi wetu walilijua kwa jina INSS, toka tarehe 29/06/1961. Leo linaitwa CNSS, na linaongozwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15/07/2016. Lile sanduku liko na matawi matatu: pensheni ya wazee, malipo ya familia, na hatari za kazi. Kwa tawi la hatari za kazi, mchango ni 1,5% ya mshahara, na unalipwa na bosi peke yake. Hakuna franka hata moja inayopaswa kutoka kwa mfuko wa mfanyakazi juu ya tawi hilo. Kwa mshahara wa dola 100, ni dola moja na nusu kwa mwezi. Bei ya chupa moja ya bia.

Na ile pesa inafanya nini pale ajali inafika?

Inalipa matunzo: daktari, hospitali, dawa, hata mguu wa kuvaa ao vifaa vingine kwa aliyekatwa kiungo. Inampa mgonjwa malipo ya kila siku wakati hawezi kufanya kazi. Akipona lakini mwili ukabaki na kilema, daktari anapima ni asilimia ngapi ya nguvu imepotea. Kama kilema ni kikubwa, anapata malipo ya kila mwezi. Kama ni kidogo, anapewa pesa ya mara moja. Mwenye hawezi tena kula, kuoga ao kuvaa bila mtu wa kumsaidia, anaongezewa juu ya huyo msaidizi. Na mfanyakazi akikufa, mjane na yatima wanapata malipo yao, pamoja na msaada wa mazishi.

Kuna kitu ambacho watu wengi hawajui: sheria haianzi kwa kuuliza nani alikosa. Kapita atasema "alikuwa mzembe", "hakuvaa kaski", "nilimukataza kupanda". Hayo hayafungi mlango. Ajali ikitokea juu ya kazi ao wakati wa kazi, ni ajali ya kazi. Hata njiani, kati ya nyumba na mahali pa kazi, inahesabiwa. Hii njo mapatano ya zamani kati ya wafanyakazi na wenye kazi katika dunia nzima: mfanyakazi hapaswi kuonyesha kosa la bosi mbele ya kutunzwa, na bosi naye anachanga kidogo kidogo na wengine pahali pa kubeba ajali moja kubwa peke yake. Inchi yetu ilitia sahihi hata kwenye mapatano namba 121 ya shirika la kazi la dunia, ya mwaka 1964, juu ya jambo hili.

Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba Congo haina sheria. Sheria iko. Ni watu njo hawaingizwi ndani yake.

Mlango unafungwa wapi

Wa kwanza: kutoandikishwa. Bosi wengi wanaandikisha watu watano wa biro, na wale hamsini wa siantie hawaonekani pahali. Wanasema: "Hao ni watu wa kutwa tu." Lakini sheria ya kazi ya 2002 imesema wazi: mtu wa kutwa akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, na akaitwa tena mbele ya ile miezi 2 kuisha, kazi yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Mabosi wanajua hiyo hesabu kuliko sisi. Njo maana kuna siantie ambako ukikaribia siku 22 unaambiwa upumzike kidogo, kiisha unaitwa tena kama mtu mgeni. Na tena, ulinzi wa CNSS hauangalii kama kontra iko ya karatasi ao ya mdomo.

Wa pili: kampuni ya katikati. Nenda Kolwezi, nenda Likasi, uliza wafanyakazi wa migodi mikubwa nani anawalipa. Wengi watakutajia siyo kampuni yenye mgodi, paka kampuni ndogo iliyokodisha mikono yao. Ajali ikitokea, kampuni kubwa inasema "huyu siyo mtu wetu", ile ndogo inabadilisha namba ya simu ao inafunga biro. Shaba na kobalti zinapata mwenyewe. Mguu uliokatika haupati mwenyewe.

Wa tatu: bahasha na karatasi. Tumeishaeleza. Mgonjwa anashikwa hospitalini juu ya deni, na ile shida yake inageuzwa kuwa kalamu ya kusaini. Bosi asiyetangaza ajali kwa CNSS na kwa inspekta wa kazi anajua kabisa kwa nini hatangazi: ajali isiyoandikwa ni ajali isiyokuwako.

Wa ine: dosie yenyewe. Hata mwenye jina lake limo anazunguka. Leta cheti cha ndoa. Leta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Leta karatasi ya daktari, hii haina muhuri, rudi juma lijalo. Mjane anayetoka Fizi ao Walikale anatumia pesa ya njia kuliko ile anayokuja kutafuta. Watu wengi walioana kwa mila tu, hawakuandikisha kwa Serikali, na watoto hawana vyeti. Hapo familia inapoteza haki, na siyo kwa sababu haina haki, ni kwa sababu haina karatasi.

Kwa ndugu zetu wa mashariki kuna mzigo mwingine juu ya huu. Toka vita ilifika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, banki zilifunga milango. Mlemavu aliyekuwa anangojea malipo yake kwa banki anafanya nini? Mjane je? Vita haifuti deni la sanduku kwa mtu aliyechangiwa miaka yote.

Na wale wa mashimo?

Hatuwezi kusema juu ya ajali za kazi katika Congo na tuwasahau wachimbaji wa mikono. Tarehe 27/06/2019, pale Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 30. Tarehe 11/09/2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza maji katika mashimo ya zahabu, na makumi ya vijana hawakutoka. Kila mara tunaona mambo yale yale: wakubwa wanafika, wanatoa rambirambi, wanaahidi uchunguzi, kiisha shimo linafunguliwa upya.

Yule mchimbaji hana bosi wa kuandikwa kwa CNSS. Ana PDG wa shimo, ana mnunuzi, ana koperative, ana watu wa kodi wanaomungojea njiani na mfuko wake. Wote wanajua kumuhesabu pale anatoka na mawe. Pale anatoka amekufa, hakuna anayemuhesabu. Sheria ya migodi inamutaka awe ndani ya koperative. Vizuri. Basi koperative iwe na kazi nyingine kuliko kukata pesa. Sheria namba 17/002 ya tarehe 08/02/2017 inaruhusu watu kuunda mutuelle, na ile ni njia iliyo wazi: sehemu ndogo ya kila mfuko unaouzwa iende katika mutuelle ya ajali, hesabu zisomwe mbele ya wachimbaji wenyewe, na familia ya aliyekufa ilipwe bila kupiga magoti. Wamotari wanaweza kufanya hivyo pia, wabeba mizigo pia. Siyo badala ya Serikali. Ni kukataa kufa bure tukiingojea.

Jibu kwa wenye kulalamika

Mabosi wadogo wanatuambia: "Nyinyi vijana hamjui. Ukijiandikisha CNSS haulipi 1,5% tu, kuna matawi mengine, bosi peke yake anafika 13% ya mshahara. Juu yake kuna taxe za kila namna." Ni kweli, na tunawasikia. Mwenye saluni na watu wawili siyo sawa na mwenye kujenga hoteli ya etaji tano. Serikali ipunguze taxe zisizo na kichwa wala miguu zinazomaliza biashara ndogo, na CNSS irahisishe kujiandikisha kwa wadogo. Lakini mwenye kununua mbao, simenti na gari mpya hawezi kusema amekosa dola moja na nusu juu ya mgongo wa mtu anayemjengea.

Wengine wanasema: "Pesa ya CNSS inaliwa huko Kinshasa." Nasi tumesikia wazee wakisimulia vile malipo yao yaligeuka karatasi tupu wakati pesa ya Zaïre ilianguka. Hofu yao iko na msingi. Lakini dawa ya sanduku lenye kutobolewa ni kulifunga matundu na kuangalia hesabu zake. Bosi asiyechanga hajalinda pesa ya mtu. Ameiweka tu katika mfuko wake.

Ukiumia, ao mwenzako akiumia

Usingoje bosi aamuke na huruma. Siku ile ile fanyeni haya:

Pigeni picha za mahali na za mgonjwa, na saa ionekane. Andikeni majina na namba za simu za watu waliokuwako. Chungeni ujumbe wa pesa mliyolipwa kwa simu, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money: ni ushuhuda kwamba ulikuwa unamfanyia kazi. Sheria inaruhusu mfanyakazi asiye na kontra ya karatasi aonyeshe kazi yake kwa njia zote.

Ombeni daktari aandike kwamba ni ajali ya kazi, na achapishe tarehe. Andikieni bosi barua, mubaki na nakala iliyopokelewa. Pelekeni nakala kwa inspekta wa kazi na kwa biro ya CNSS, hata kama bosi hakuandikisha mtu. Mbele ya inspekta hakuna kulipa. Mkishindwa kupatana pale, dosie inaenda kwa tribinali ya kazi.

Na karatasi yoyote inayoletwa kwa kitanda cha mgonjwa, musiisaini siku hiyo. Muisomeshe kwanza kwa mtu anayejua sheria. Tuko na vijana wengi wenye diploma ya sheria wanaokaa nyumbani. Hii njo kazi wanaweza kuwafanyia wakaaji wa muji wao.

Na nyinyi mlioana kwa mila: andikisheni ndoa zenu na watoto wenu kwa Serikali wakati mungali na afya. Ajali haitoi muda wa kutafuta vyeti.

Tunadai

1. Serikali itume mainspekta wa kazi kwa siantie na kwa migodi, siyo paka kwa biro, na iwape njia ya kusafiri, ili wasipandishwe katika gari la yule wanayekuja kuchunguza.

2. Kibali cha kujenga ao soko la Serikali lisitolewe kwa kampuni isiyoonyesha majina ya wafanyakazi wake wote katika CNSS, na wale wa kutwa ndani.

3. Kampuni kubwa ijibu pamoja na kampuni ndogo iliyoikodisha, pale mfanyakazi ameumia katika mgodi wake ao jengo lake.

4. CNSS itangaze kila mwaka, kwa kila provinsi, ni ajali ngapi zimeandikwa, familia ngapi zimelipwa, na dosie ngapi zinangojea. Itangaze kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, siyo kwa Kifaransa peke yake.

5. Walemavu, wajane na yatima walio pahali banki zimefunga walipwe kwa njia nyingine, hata kwa simu, na malimbikizo yao yahesabiwe.

6. Hospitali ziache kuwashika wagonjwa wa ajali za kazi juu ya deni. Deni lifuate bosi.

7. Koperative za wachimbaji zilazimishwe kuwa na mutuelle ya ajali, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Hatuombi vitu vipya vingi. Karibu yote tunayosema yako tayari katika sheria zilizopigiwa kura na kutiwa sahihi Kinshasa. Tunaomba zishuke kutoka kwenye karatasi zifike kwa siantie, kwa mlango ule ambako kapita anaonyesha kidole.

Na kwako, ndugu mfanyakazi, tunakuachia kazi moja. Kesho asubuhi, ukifika kwa kazi, umuulize bosi wako kwa heshima, mbele ya wenzako: "Namba yangu ya CNSS ni ngapi?" Kama anayo, aiandike na uichunge nyumbani, bibi ao bwana yako ajue iko wapi. Kama hana, basi sasa wote mmejua, na swali hilo muliulize pamoja kila siku mpaka lipate jibu.

Mapambano inaendelea.